Mbwa Mwenye Vidonda na Mfuko Mtupu



Mwezi huu tunajibu swali la kijana mmoja wa kartie Katoyi, katika komini ya Karisimbi, hapa Goma. Swali lake ni fupi: "Pasta, imbwa yetu inaoza mwili. Majirani banasema tuiuwe na sumu. Veterinere anaomba dola, na baba iko Rubaya, hayatuma kitu. Tufanye je?"

Huenda mwingine atacheka na kusema: watu wanakosa bukari, nanyi mnaandika habari za mbwa! Ngoja kwanza, ndugu. Katika kartie zetu nyumba nyingi ni za mbao, na mlango unafungwa kwa kofuli moja dogo. Baba akiwa machimboni Rubaya au Walikale, mama analala na watoto, na anayesikia mguu wa mwizi mbele ya watu wote ni mbwa. Katika Hifadhi ya Virunga, pale Rumangabo, tangu miaka ya 2010 kunafugwa mbwa wa kunusa nyayo za majangili, na mbwa hao wana watunzaji na waganga wao. Mbwa wa Katoyi naye anafanya kazi ya ulinzi kila usiku, ila hana bajeti. Tena ugonjwa wake unaweza kugusa watoto wanaocheza naye. Basi jambo hili ni la jamaa nzima.

Kwanza, jua unachokiona

Si kila mbwa mwenye ngozi mbaya ana ugonjwa mmoja. Kwetu tunaona hasa mambo manne.

La kwanza ni upele. Unaletwa na vidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyochimba ndani ya ngozi. Mbwa anajikuna usiku na mchana, manyoya yanatoka kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, na ngozi inakuwa nene na ya kijivu kama ya tembo. Kuna jaribio rahisi: shika ncha ya sikio lake, uisugue kwa vidole. Mbwa mwenye upele mara nyingi ataanza kupiga mguu wa nyuma kama anayejikuna. Upele huu unapita toka mbwa kwa mbwa, na mtu anayemshika anaweza kuwashwa mikono na tumbo. Kwa mtu kuwashwa huko huisha mbwa akitibiwa. Upo upele wa aina nyingine unaoshika watoto wa mbwa usoni na miguuni. Huo hauambukizi, lakini dawa yake ni ya muda mrefu na unahitaji munganga.

La pili ni usaha wa ngozi. Ngozi ikikunwa sana inapasuka, mikrobu inaingia, na vinatokea vipele vyenye usaha, magamba na harufu. Mara nyingi usaha huu ni mtoto wa upele, wa viroboto au wa kupe. Ukitibu usaha ukaacha upele, utakausha sakafu huku paa linavuja.

La tatu ni funza wa nzi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu na kwenye nguo zilizoanikwa chini. Funza wake wanaingia ndani ya ngozi ya mbwa na ya mtu vilevile, na wanaacha uvimbe wenye tundu dogo katikati. Ndiyo sababu mama zetu wanapiga nguo pasi upande zote mbili, na wanafanya vizuri. Nzi wengine wanataga juu ya kidonda kilicho wazi, na funza wanajaa ndani.

La nne ni jeraha tu: kuumwa na mbwa mwenzake, kukatwa na bati, au kuchanwa nyayo na mawe ya volkano. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe ambayo Nyiragongo imeyamwaga, na wote tunakumbuka Januari 2002 na Mei 2021. Mawe haya yanakata kama chupa iliyovunjika.

Neno juu ya kichaa cha mbwa

Mbwa mwenye upele si mbwa mwenye kichaa. Majirani wengi wanachanganya hayo mawili, na hapo ndipo sumu inapotoka. Mbwa mwenye kichaa anabadilika tabia: mpole anakuwa mkali bila sababu, au mkali anajificha, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti inabadilika, miguu inalegea. Huyo usimguse, usimuoshe. Zuia watoto, mfungie mahali kama inawezekana bila hatari, na uite huduma ya mifugo.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15 kamili, halafu aende kituo cha afya siku ileile kuuliza chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Kwa hiyo pesa ya kwanza ya mbwa, ikiwa unayo pesa moja tu, ni ya chanjo.

Dawa ya jikoni

Sasa tuje kwa mfuko mtupu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuponya kidonda inafanywa na maji, chumvi, sabuni na uvumilivu.

Fanya hivi. Watoto wadogo wakae mbali. Mtu mmoja amshike mbwa, yule anayemzoea. Hata mbwa mpole anauma akisikia maumivu, basi funga mdomo wake kwa kitambaa laini, kisikaze pua, na ukifungue mara kazi ikiisha. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi.

Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi kijiko kidogo cha chai kimoja na nusu, yaani karibu gramu 9, na uache yapoe. Maji haya yana chumvi kama machozi, hayachomi nyama. Najua maji kwetu ni taabu, na bidoni moja inatoka ziwani kwa mgongo au kwa chukudu. Lakini lita moja iliyochemshwa inatosha kidonda kimoja kwa siku.

Kata manyoya yanayozunguka kidonda. Magamba makavu usiyang'oe kwa nguvu. Weka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi kwa dakika kumi, yatalegea yenyewe. Osha pembeni kwa sabuni. Halafu mwagia ndani ya kidonda maji ya chumvi mpaka yatoke safi. Ukiwa na bomba la sindano bila sindano, vizuri. Kama huna, toboa kifuniko cha chupa ya plastiki tundu dogo, kamua chupa, maji yatatoka kwa nguvu inayotosha kufukuza uchafu. Funza walio ndani ya kidonda uwatoe mmoja mmoja kwa koleo ndogo. Yule wa ndani ya uvimbe, paka vaselini juu ya tundu lake. Akikosa hewa atatoa kichwa, ndipo umsukume polepole kutoka pande zote mbili. Usimpasue ndani.

Kama kidonda kina usaha na harufu, jaza sukari ya kawaida au asali safi isiyochanganywa, funika kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa na kukauka, na ufunge bila kukaza. Si uchawi. Sukari inavuta maji, na mikrobu bila maji haiwezi kuzaa. Wamisri wa kale walitia asali katika vidonda zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na lopitali za leo bado zina asali ya vidonda iliyosafishwa. Badilisha kila siku, na mara mbili kwa siku ikiwa sukari imeyeyuka yote. Kidonda kinachotoka damu nyingi usikitie sukari. Kikaze kwanza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame. Nyama ikigeuka nyekundu na safi, bila usaha, acha sukari, endelea na maji ya chumvi tu. Kama umefunga mguu, angalia vidole kila asubuhi na jioni: vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno.

Ukiwa na betadine, uipunguze kwa maji mpaka ifanane na chai nyepesi. Ile nzito inaua mikrobu, lakini inaua na nyama mpya inayoanza kuota.

Kwa usaha uliotapakaa ngozi nzima, sabuni yenye klorheksidini inafaa kuliko vidonge vingi. Mwogeshe mara mbili kwa juma, acha povu lake dakika kumi mwilini kabla ya kusuuza. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanasuuza mara moja, halafu wanasema dawa haina nguvu.

Asilambe

Wengi wanasema mate ya mbwa ni dawa, kwa sababu ya mbwa waliolamba vidonda vya Lazaro katika Luka 16. Ukisoma vizuri, Maandiko hayasemi Lazaro alipona. Mate yana nguvu kidogo juu ya mikrobu, lakini ulimi wa mbwa ni kama tupa: unakwangua nyama mpya kila inapoota, na mdomo wake una mikrobu mingine. Kwa hiyo usimwache alambe vidonda vya mtu, wala vya kwake.

Chukua bidoni ya plastiki ya lita 5 au ndoo iliyopasuka, kata chini na juu upate kola pana, funika kingo kwa kitambaa zisimkate, mvalishe shingoni na uifunge kwenye mkanda wake. Iwe pana kiasi cha kula na kunywa, lakini ulimi usifike kidondani. Vijana, kazi hii ni yenu. Haiombi hata franka moja.

Upele: chupa moja kwa avenyu moja

Upele hauponi kwa maji ya chumvi. Unahitaji dawa, na dawa inayojulikana zaidi ni ivermektini. Ilitokana na mikrobu ya udongo wa Japani iliyopatikana na Satoshi Ōmura, na William Campbell akaonyesha nguvu yake. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wengi wenu mnaijua kama vidonge vya Mectizan vya kuzuia upofu wa mtoni. Vile vidonge ni vya watu, vimehesabiwa kwa watu, usimpe mbwa.

Veterinere anatumia ile ya sindano ya ng'ombe. Ndani ya mililita moja mna miligramu 10. Mbwa wa kilo 15, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji miligramu 3, yaani mililita 0.3 tu. Matone machache! Ukimpa mililita 3 kwa kukosea nukta, umempa mara kumi: atatetemeka, atapofuka, pengine atakufa. Ndiyo maana sindano hii si kazi ya kubahatisha. Mbwa apimwe kilo kwanza, munganga aangalie umri na afya yake, na mbwa wa jamii ya Collie na machotara yake wasipewe kabisa, maana dawa inaingia ubongoni mwao.

Lakini hesabu hiyohiyo ina habari njema. Chupa ya mililita 50 ni nyingi mno kwa mbwa mmoja, nayo ndiyo inayofanya bei itishe. Kwa kipimo kile, chupa hiyo ina sindano zaidi ya 160 za mbwa wa kilo 15. Basi kwa nini kila parseli inamwita veterinere peke yake? Sisi tunajua likelemba, tunajua MUSO. Nyumba kumi au ishirini za avenyu moja ziweke pamoja kidogokidogo, zimwite munganga siku moja, mbwa wote wapimwe na kudungwa, na arudi baada ya siku 14. Kurudi ni lazima, kwa sababu mayai ya vidudu yanaanguliwa baada ya sindano ya kwanza; mara nyingine inahitajika ya tatu. Tena mbwa mmoja akitibiwa peke yake na wa jirani akaachwa, upele utarudi kupitia ua. Siku hiyohiyo mwombeni na chanjo ya kichaa.

Kama pesa haijapatikana, iko dawa ya wazee ambayo haijapoteza nguvu: unga wa sulfuri, gramu 5 hadi 10, changanya na vaselini upate gramu 100. Paka kwenye ngozi yenye upele kila siku, nusu ya mwili leo, nusu kesho, kwa majuma kadhaa. Inanuka, lakini inasaidia. Usiipake kwenye nyama iliyo wazi. Magunia anayolalia yachemshwe au yaanikwe juani, mahali pake pafagiliwe.

Vitu vinavyoua

Hapa naomba mnisikilize sana. Mafuta machafu ya gari yanapakwa mbwa katika kartie nyingi. Ni kweli yanaziba pumzi ya vidudu, ndiyo maana watu wanaona nafuu siku mbili tatu. Lakini mbwa anayalamba, na sumu iliyomo inaingia tumboni mpaka kwenye figo na ini. Petroli inaunguza ngozi na mapafu. Asidi ya batri ni moto. Maji ya javeli yasiyopunguzwa yanakula nyama. Dawa ya kunguni na ya shambani inapita ndani ya ngozi iliyochubuka na kumtia degedege. Ninyi mnaoishi karibu na machimbo, msimwoshe mbwa kwa maji ya kusafishia madini.

Vidonge vya watu vya maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, vinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Usimpe hata nusu.

Tena kuna desturi ya kufungua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga juu ya kidonda, au kununua vidonge vinne vya pesa iliyopo. Antibiotiki ya mbwa hupimwa kwa kilo na humalizwa siku zote alizosema munganga. Usaha wa ngozi unaweza kudai majuma matatu. Dozi nusunusu inaua mikrobu dhaifu na kuacha yenye nguvu. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, alionya hivyo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019, watu milioni 1.27 ulimwenguni walikufa moja kwa moja kwa mikrobu iliyoshinda dawa. Mikrobu inayozoezwa dawa juu ya mbwa inaweza kupita kwa mtoto anayelala karibu naye. Kama huna pesa ya dozi yote, ni afadhali maji ya chumvi na klorheksidini kuliko dozi ya vidonge vinne.

Chakula

Ngozi hujengwa kwa chakula. Mbwa anayekula ukoko wa bukari tu hana kitu cha kufungia kidonda. Weka kando vichwa vya sambaza, matumbo yaliyopikwa, damu ya buchari iliyochemshwa. Kidogo kila siku kinafaa kuliko karamu ya mara moja kwa mwezi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama sindano.

Wakati wa kumwita munganga

Maji ya chumvi yana mpaka wake. Mwite munganga ikiwa mfupa unaonekana. Ikiwa kidonda kiko jichoni, shingoni, kifuani au kwenye kiungo. Ikiwa mbwa hajala siku mbili. Ikiwa uvimbe unapanda. Ikiwa harufu ya kuoza haipungui baada ya siku tatu za kuosha. Au ikiwa kidonda hakijafunga baada ya majuma matatu. Tangu vita vilipofika mjini Januari 2025, benki zikafungwa na pesa ikawa haba, waganga wengi wanaelewa hali. Uliza kama utalipa kwa sehemu. Uliza pia bei kabla hajafungua mfuko wake, ili msigombane baadaye.

Na ikiwa munganga amesema hakuna tumaini, basi mbwa asaidiwe kufa bila maumivu, kwa mkono wa anayejua. Hilo si dhambi, na kwa mnyama anayeoza akiwa hai ni huruma. Lakini sumu ndani ya nyama iliyotupwa njiani ni jambo lingine kabisa. Mbwa anakufa kwa mateso ya saa nyingi, na ile nyama haiulizi nani anaiokota: mbwa wa jirani, nguruwe wa mjane, au mtoto mwenye njaa.

Basi kijana wetu wa Katoyi, jibu lako ni hili. Leo jioni chemsha maji. Tengeneza kola ya bidoni. Nenda kwa wale majirani wanaotaka kumuua, wala usiende na ugomvi. Waambie ni upele, waonyeshe jaribio la sikio, na uwaulize mbwa wao wanajikuna au hapana. Utaona wengi wataitika. Hao ndio wa kuanza nao likelemba ya ile chupa moja.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Tuonane mwezi ujao.